Je, Elimu ya Nafsi Yafaa Kusomewa Shahada?



Nataka kusema neno katika jarida letu juu ya jambo ambalo wengi wetu wa Kidato cha Nne twalizungumza usiku bwenini, lakini mchana twaona haya kulitaja mbele ya walimu na wazazi. Jambo lenyewe ni hili: mwanafunzi mwenye alama nzuri aweza kuchagua kusomea saikolojia Chuo Kikuu, asionekane ya kuwa amepotea njia?

Majibu ninayoyasikia ni ya namna mbili. Watu wa namna ya kwanza hucheka. Kwao saikolojia ni mambo ya wenda wazimu, na mtu akisema anaitaka huambiwa aende Dodoma upesi akawahi kitanda Mirembe. Watu wa namna ya pili hawacheki; hukunja uso wakauliza, "Sasa utakula nini?" Hao wa pili nawaheshimu zaidi, maana swali lao ni la haki, nami nitalifikia. Lakini nitaanza na hao wanaocheka, kwa kuwa kisa nitakachokieleza ni kisa cha kicheko.

Tarehe 30 Januari, mwaka 1962, haijatimia hata miezi miwili tangu Tanganyika kupata uhuru wake, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha, upande wa Bukoba, walishikwa na kicheko wasiweze kujizuia. Hakikuwa kicheko cha furaha. Walicheka, wakalia, wakatulia kidogo, kisha wakaanza tena. Walikuwa hawatulii mahali pamoja, na wengine walipokamatwa ili watulizwe walipigana. Baadhi yao walisema ya kuwa waliona hofu, kana kwamba yuko mtu anayewakimbiza. Mmoja alishikwa kwa saa chache, na mwingine aliendelea hata siku 16. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wanafunzi walikuwa 159, na ilipofika tarehe 18 Machi waliokwisha kushikwa walikuwa 95, basi shule ikafungwa.

Wasichana waliporudi makwao, jambo lenyewe likaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba, ambako baadhi yao ndiko walikotoka, watu 217 walishikwa kati ya Aprili na Mei, na wengi wao walikuwa vijana na watoto wa shule. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wakashikwa wengine 57, ikafungwa mara ya pili. Katika mwezi wa Juni jambo hilo liliingia katika shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, likawapata 48 katika wanafunzi 154. Wenyeji wakalipa jina la omuneepo.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliwachunguza wagonjwa, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1963. Waliwapima damu na maji ya uti wa mgongo wasione kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Wakaandika ya kuwa ni ugonjwa wa hofu unaoambukiza watu wengi kwa pamoja, yaani histeria. Kazi yao ilikuwa njema, na mimi siwalaumu. Lakini fikiri, msomaji. Ukiambiwa ugonjwa haumo katika damu, umeambiwa usikokuwamo tu; bado hujaambiwa umo wapi. Mwaka uliofuata, 1964, daktari wa magonjwa ya akili wa Uganda, Benjamin Kagwa, aliandika juu ya mambo ya namna hii katika Afrika Mashariki, akatafuta chanzo chake katika mvutano kati ya imani za wazee na mafundisho mapya. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja, Christian Hempelmann, alizipitia taarifa zote akasema ya kuwa kicheko kilikuwa sehemu ndogo tu ya mambo, na kwamba kisa hasa ni mzigo wa moyo uliowaelemea wasichana wasio na uwezo wa kuutua. Nchi ilikuwa mpya, matumaini ya wazazi yalikuwa makubwa, na sheria za bweni zilikuwa kali.

Huenda ndivyo. Lakini maneno ya wasichana wenyewe yaliyobaki katika maandishi hayo ni machache mno. Tumeachiwa hesabu yao na tarehe zao. Lau angalikuwako wakati ule mtu aliyesomea mambo ya nafsi, anayejua Kihaya, akaketi na wale watatu wa kwanza kila mmoja peke yake, akawauliza juu ya masomo, na juu ya nyumbani, na juu ya matroni, leo tungejua mengi zaidi. Mtu wa namna hiyo hakuwako. Matokeo yake ni kwamba kisa cha Kashasha kimeenea dunia nzima kama kichekesho, ati Waafrika walicheka miezi mingi bila kukoma. Hilo si kweli hata kidogo, na kila nikilisoma naona uchungu.

Wala mtu asidhani ya kuwa mambo hayo yalikwisha mwaka 1962. Magazeti yetu huandika mara kwa mara juu ya shule, hasa za wasichana, ambako wanafunzi huanguka na kupiga kelele, mmoja, kisha watano, kisha bweni zima. Binamu yangu anasoma katika shule moja ya bweni, wala si ya mkoa huu, na jambo hilo liliwatokea. Waliopatwa walipelekwa zahanati wakapimwa malaria. Hawakuwa nayo. Wakaitwa watu wa dini wakawaombea, na baadhi yao wakatulia. Waliosalia wakaambiwa wanajifanya, wakaandikiwa barua za kurudi nyumbani. Mtihani wa mkoa ulikuwa wiki mbili mbele. Binamu yangu asema ya kuwa katika siku zote hizo hakuna mtu mzima aliyewauliza wasichana wale wanalala saa ngapi, au wanaogopa nini.

Sisemi ya kuwa maombi hayana faida. Mimi mwenyewe huomba. Wala sisemi ya kuwa mwalimu aliyeandika barua zile ni mtu mbaya. Alifanya alilolijua. Nasema tu ya kuwa katika shule yenye mamia ya watoto wanaolala pamoja, mbali na mama zao, mtu aliyesomea mambo haya si anasa, kama vile mpishi si anasa. Shule nyingi huwa na mwalimu wa ushauri na malezi. Lakini mara nyingi mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha kama wenzake wote, na huo ushauri amekabidhiwa kwa sababu ana sura ya upole.

Sasa tuitazame elimu yenyewe. Kiswahili kina majina mawili: wengi husema saikolojia, na wengine husema elimunafsia, yaani elimu ya nafsi. Mimi napenda hilo la pili, kwa kuwa nafsi ni neno ambalo hata bibi yangu aliyeko Kibosho alielewa bila kufafanuliwa. Ni elimu ya namna mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyojifunza, anavyoogopa, na anavyokaa na wenzake. Wanadamu wameyatafakari mambo haya tangu kale, lakini kuyapima kwa majaribio kulianza kuwa kazi maalumu ya chuo kikuu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani.

Wenzangu wengi hudhani ya kuwa anayeisoma atajua kusoma mawazo ya watu usoni. Hapana. Sehemu kubwa ya shahada hii ni kujifunza kuuliza swali vizuri, kufanya jaribio, na kupiga hesabu za takwimu ili ujue kama ulichokiona ni kweli au kimetokea kwa bahati. Nawaonya mapema wale wanaoikimbilia kwa sababu wameikimbia Hisabati. Hisabati inawangoja huko mlangoni.

Yafaa pia kutenganisha watu wawili ambao huchanganywa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Husoma udaktari wa miaka mitano kama madaktari wengine, kisha huongeza masomo ya magonjwa ya akili, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Yeye hupima, husikiliza, hufundisha na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko shahada ya kwanza ya elimu katika saikolojia. Anayetaka kuwatibu wagonjwa aweza kuendelea na shahada ya pili ya saikolojia tiba, ambayo hufundishwa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Majirani zetu nao wamekwenda mbele: Makerere wana shule nzima ya saikolojia, na Kenya walitunga mwaka 2014 sheria ya kuwasimamia washauri na wanasaikolojia, ili mtu asijitangaze tu kwa kuwa anajua kuongea.

Wako wanaosema, "Elimu hiyo ni ya Wazungu, haituhusu." Maneno haya yana ukweli ndani yake, ila mimi natoa hukumu iliyo kinyume cha yao. Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Jeffrey Arnett, alitazama majarida sita makubwa ya saikolojia ya huko kwao tangu mwaka 2003 mpaka 2007, akahesabu watu waliochunguzwa ni wa wapi. Akaona kiasi cha 96 kwa mia ni watu wa nchi za magharibi zenye viwanda, ambazo hazina zaidi ya 12 kwa mia ya watu wote wa dunia. Maana yake, vitabu vinaposema "binadamu hufikiri hivi", mara nyingi vyasema juu ya vijana wa vyuo vya Marekani. Basi tufanye nini? Tuiache elimu hiyo ibaki vivyo hivyo? Au twende tukaisome, tuwaulize watu wetu, tuandike?

Nitatoa mfano wa Bagamoyo, maana unatuhusu sisi watu wa mitihani. Robert Sternberg na wenzake walikwenda katika shule za msingi za huko wakawapa watoto maswali ya kupima akili. Kisha walikaa na kundi moja muda usiofika saa nzima, wakawaonyesha njia za kuyafikiri maswali ya namna ile, wakawapima tena. Alama zilipanda. Jambo la ajabu ni kwamba ukitazama alama za kwanza za watoto wale hukuweza kubashiri vizuri za mwisho, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa nyuma walikuja mbele. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2002. Kila mara matokeo yabandikwapo ubaoni na mwenzetu akaitwa mjinga, mimi hukumbuka watoto wa Bagamoyo. Jambo hilo halikugunduliwa na mganga wala na mwanasiasa. Waligundua watu waliosomea saikolojia.

Lakini mfano ulionishika moyo zaidi ni wa hapa hapa Moshi. Mkoa wetu, kama mikoa mingine, ulipoteza wazazi wengi katika miaka ya UKIMWI, na baadaye kwa ajali na maradhi mengine. Mtoto aliyefiwa huambiwa, "Jikaze, usilie, Mungu ndiye anayejua." Husema hivyo kwa mapenzi shangazi na mjomba. Basi watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, Duke na Washington, pamoja na watu wa hapa, walijaribu njia nyingine. Walianza na watoto 64 wa hapa, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2014. Kisha wakafanya jaribio kubwa la watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, wenye umri wa miaka 7 mpaka 13, ambao wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na bado mioyo yao haijatulia. Nusu walipewa huduma za kawaida zilizokuwapo. Nusu walikutana katika vikundi mara 12, wakafundishwa kuzungumza juu ya kifo kile pasipo kukikimbia, na kumkumbuka marehemu bila ya hofu. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa.

Matokeo yalitoka mwaka 2020, nami naomba msomaji ayaangalie kwa makini. Masomo yalipokwisha, watoto wa vikundi walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao katika Bungoma mjini, Bungoma vijijini, na Moshi mjini. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja walipimwa tena. Bungoma faida ilikuwa bado ipo. Moshi, mjini na vijijini, makundi mawili yalikuwa yamekwisha kulingana, kwa maana hata wale wa huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu vile vile.

Kwa nini? Je, ni ndugu zetu huku migombani waliowashika watoto wale vizuri, hata masomo yasiongeze kitu? Je, ni huduma za kawaida za hapa zilikuwa bora kuliko za Bungoma? Au namna yetu ya kukaa matanga na kugawana watoto wa marehemu katika ukoo ina dawa ambayo hakuna aliyeiandika? Mimi nina mawazo yangu, na babu yangu ana yake, lakini mawazo si ushahidi. Swali hili limelala hapa, katika mji huu tunaokwenda kununua sabuni Jumamosi, na anayefaa kulijibu ni mtu anayejua takwimu, anayejua Kichaga, na ambaye ataweza kuketi jikoni kwa mama mlezi asionekane mgeni. Mtu wa namna hiyo mnadhani atatoka wapi, kama si katika madarasa kama haya yetu?

Sasa nalifikia lile swali la "utakula nini". Sitadanganya. Nafasi za serikali zinazoitwa kwa jina la mwanasaikolojia si nyingi, na mtu mwenye shahada ya kwanza peke yake hatapewa wagonjwa. Wengi wa waliosoma shahada hiyo huwa walimu, au washauri katika mashirika yanayoshughulika na watoto, au huajiriwa katika ofisi zinazosimamia wafanyakazi. Anayetaka mali upesi na asome kitu kingine. Lakini natazama na upande wa pili. Wenzetu waliokwenda kusoma masomo yanayosifiwa wako mitaani wakitafuta kazi nao vile vile. Hakuna shahada iliyo na hakika ya mshahara siku hizi. Na mahitaji yapo, hata kama nafasi hazijaandikwa. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye majonzi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha ya kuwa wagonjwa hao hupata nafuu kweli kweli. Kuna rafiki yangu aliyenijibu, "Basi kama bibi anaweza, shahada ya nini?" Nikamwambia: nani aliyewafunza akina bibi, nani aliyewasimamia, na nani aliyepima kama wanasaidia au wanaharibu? Akakaa kimya, halafu akabadilisha mazungumzo yakawa ya mpira.

Jambo la mwisho ni la fomu. Muda si mrefu tutajaza tahasusi zetu za Kidato cha Tano. Tangu mwaka 2024 orodha yake ni ndefu, tahasusi 65, lakini saikolojia haimo miongoni mwa masomo yake, hivyo anayeitaka lazima aingie kwa mlango wa masomo mengine. Wengi wetu hatujui ni mlango upi. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu hueleza kila mwaka sifa zinazotakiwa kwa kila shahada, na kitabu hicho chaweza kuchapwa na kuwekwa maktaba, kikafungwa kwa kamba kama kamusi ile kubwa ili kisitembee. Tena ningeomba mwalimu wetu wa taaluma amwalike mtu mmoja anayewahudumia wagonjwa wa akili, kutoka KCMC au Mawenzi, aje Ijumaa moja baada ya vipindi atueleze kazi yake ilivyo, na shida zake, na mshahara wake kama hataona haya kuutaja. Maswali ninayo tayari, yamejaza kurasa mbili za daftari. Na wenzangu wanaoona ya kuwa nimekosea, hasa wale wa Mirembe, na waandike katika toleo la muhula ujao, nitawasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Soweto, Moshi.